Dang'a ya Sabasaba

Ng'ombe wa Mzee Gwandu alikufa akiwa amesimama. Wenzake wa bonde zima walianguka kwanza, wakatapatapa siku kadhaa ndipo wakakata roho, lakini huyu alijiegemeza kwenye uzio wa miiba, akatikisa kichwa kama anayekataa jambo, basi. Mpaka Dokta Fausta Lohay anafika na masanduku yake ya kazi, jua lilikuwa limeshapanda na inzi walikuwa wameshajua habari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Huyo hapo, mtazame. Ila nakuambia mapema, usinitafutie sababu zenu za kitaalamu. Huyu wangu hakusoma."

Fausta aliacha kuvaa glavu. "Hakusoma kabisa?"

"Hata herufi moja! Nilimwambia baba yako tangu siku ile: wako wapeleke shule, wangu waache na ujinga wao, unawatosha."

Ndivyo walivyozungumza watu wa Endasiku. Ng'ombe aliyepuliziwa Mbegu puani aliitwa msomi, na ambaye hakupuliziwa aliitwa mjinga, na utani huo ulikuwa umezoeleka hata watoto hawakuucheka tena. Msomi ukimfungulia asubuhi anaelekea kwenye maji moja kwa moja, hata kama maji yenyewe yako nyuma ya vilima ambavyo hajawahi kuviona, na kundi zima linamfuata. Tangu mvua zilipohama na mito kubaki mchanga mtupu, bonde lililokuwa na wasomi lilikuwa na watu, na lisilo nao lilibaki na milango inayogongwa na upepo. Endasiku ilikuwa bado na watu. Na aliyeitengeneza Mbegu, kutoka kwenye ubongo wa ng'ombe mmoja mzee wa baba yake aliyeitwa Kijivu, alikuwa Fausta mwenyewe.

Alipiga magoti, akafungua fuvu kwa msumeno mdogo, akakata kipande chembamba cha ubongo na kukiweka chini ya darubini ya mkononi. Picha ikatokea kwenye kioo. Nyama ya ubongo ilikuwa imejaa matundu, kama andazi lililoumuka kupita kiasi.

"Ni ugonjwa uleule?" Mzee Gwandu aliuliza.

"Ni uleule, Mzee. Pole sana."

Aliusema huo uleule kwa sauti ya msiba, lakini moyoni, jamani, alikuwa anatamani kuruka. Ugonjwa ulipoanza kuwala ng'ombe wa bonde, Fausta aliacha kulala vizuri. Alikuwa ameziorodhesha kichwani sababu zote zinazowezekana. Udongo wa Endasiku hauna fosforasi, kwa hiyo ng'ombe hutafuna mifupa mikavu wanayoiokota malishoni, na mifupa ya mgonjwa inaweza kumpa mzima ugonjwa. Udongo huohuo una shaba kidogo na manganizi nyingi, na wapo wataalamu wanaoamini mchanganyiko huo unaharibu ubongo. Ipo dawa ya kupe inayomwagwa mgongoni kila msimu. Tena ipo ajali tupu, ubongo wa mnyama mmoja kuanza kuharibika wenyewe bila kusukumwa na kitu. Na mwisho wa yote ilikuwepo Mbegu.

Maana Mbegu ilikuwa nini? Kumbukumbu ya njia hukaa kwenye protini fulani zilizokunjwa namna fulani, na protini moja iliyokunjwa hivyo huikunja jirani yake, jirani naye jirani yake. Ni kama kugandisha maziwa: unaweka kijiko cha mtindi wa jana kwenye kibuyu cha leo, asubuhi kibuyu kizima kimeganda. Fausta alikuwa ameichukua protini ya Kijivu, akaitia kizuizi ili igandishe kumbukumbu tu na kuishia hapo. Usiku alichokuwa anajiuliza ni kimoja: na kama haikuishia hapo? Sasa mbele yake alilala mjinga wa Mzee Gwandu, hakuguswa na Mbegu hata tone, na amekufa kwa ugonjwa uleule. Basi sababu ilikuwa mifupa, au udongo. Haikuwa yeye.

Alifunga masanduku haraka kuliko ilivyokuwa adabu.

"Nasikia Sabasaba wenu yuko karibu kuzaa," Mzee Gwandu alimwambia akimsindikiza. Sabasaba alikuwa msomi, kiongozi wa kundi la kina Fausta, mjukuu wa Kijivu, aliyezaliwa siku ya maonyesho ya Saba Saba.

"Siku yoyote, Mzee."

"Basi mwambie Mwalimu asinisahau kwenye dang'a. Nimebakiwa na ndama mmoja tu. Naye alambishwe kama alivyolambishwa mama yake, huyu aliyekufa."

"Nitamwambia," alisema Fausta, akaondoka.

Njiani alimpigia mkuu wake, Dokta Mushobozi, aliyekuwa makao makuu ya Taasisi yao ya utafiti wa mifugo.

"Mjinga kabisa? Una uhakika?" Mushobozi alipaza sauti kwa furaha. "Basi Mbegu imetakata! Fausta, unajua ni mikoa mingapi inaingoja? Watu wanakufa kwa kiu huko. Andika kwamba ni udongo, tia sahihi, nitumie kesho. Na ulale sasa, dada yangu. Umekonda."

*

Nyumbani alimkuta wifi yake, Natalia, amesimama getini na kanga mkononi, akitazama upande wa kaskazini. Natalia ndiye aliyekuwa akimtunza baba yao, Mwalimu Lohay, tangu mumewe aende kufanya kazi machimboni.

"Wifi, baba ametoka tena. Nimegeuka kumwosha Tumsifu, hayupo. Wiki hii yote ndiyo mtindo wake. Nikimuuliza anakwenda wapi, ananitazama tu."

"Uzee, wifi."

"Uzee gani wa kuharakisha hivyo? Mbio zake hata mimi simpati!"

Fausta alimwona kwa mbali, akamfuata kwa miguu. Mwalimu Lohay alifundisha hesabu maisha yake yote, na ng'ombe alikuwa nao kwa sababu mtu wa Endasiku hawezi kukaa bila ng'ombe. Kuchunga hakuwahi. Watani wake walimsema kwamba aliwahi kumpa chumvi dume la jirani, akalisifia kwa kunenepa, na usiku akakuta lake limelala njaa. Maporini alikuwa hapajui kabisa.

Lakini leo alikwenda kama mtu anayekwenda kwake. Kichwa amekiinamisha, mikono imening'inia, hatua fupi zisizobadilika. Penye njia panda ya mawe mekundu alisimama, akainua pua, akavuta hewa, akakata kushoto kupita kwenye kichaka ambacho mtu mwenye akili zake asingekipita. Fausta alimwita mara ya kwanza na ya pili. Hakugeuka. Wakashuka korongo, wakapanda, wakashuka lingine, mpaka Fausta akahisi kiatu kinamkata. Mwisho Mwalimu alifika kwenye bakuli la mchanga lililozungukwa na miamba, akajikuna ubavu kwenye jiwe moja lililolainika kwa kukunwa, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono.

Mchanga ukawa mweusi. Kisha maji yakaanza kujaa taratibu, masafi.

Fausta alikalia jiwe. Mahali pale alipajua. Mwaka wa kiangazi kile kikubwa Kijivu aliliongoza kundi mpaka hapa, na Fausta alimfuata kwa alama ya setilaiti, akiwa ndani ya gari, akapotea njiani na kurudi nyuma tena na tena. Hakumwonyesha mtu. Aliogopa wafanyabiashara wa maji wasije na mashine zao. Peke yake, bila kifaa, hata leo asingefika. Waliokijua kisima kile walikuwa Kijivu, na Kijivu amekufa, na wasomi wote waliobeba Mbegu yake.

"Baba," alisema taratibu, "hapa nani alikuleta?"

"Anilete wa nini? Maji si haya hapa?" Mwalimu alimtazama kwa upole, ule upole wa kumtazama mgeni. Maji yalikuwa yakimtiririka kidevuni. "Na wewe ni wa nani, mama?"

"Mimi Fausta, baba."

"Haiwezekani. Fausta wangu yuko shule." Akainama akanywa tena, kwa mdomo, mikono ameiweka chini mchangani.

Fausta alilia pale bila kujizuia. Alilia kwa sababu ya baba yake, na kwa sababu kichwa chake, hata katikati ya kilio, kilikuwa kimeshaanza kazi. Kumbukumbu ya ng'ombe imempataje mtu? Nyama, hapana, msomi hachinjwi, ni sheria. Maziwa walikuwa wameyapima miaka nenda rudi, hayakuwa na kitu. Lakini maziwa waliyoyapima Taasisi yalikuwa yale yanayoruhusiwa kuuzwa, siku kadhaa baada ya ng'ombe kuzaa, yakishakuwa meupe. Yale ya kwanza, mazito ya njano, yaani dang'a, nani angeyapima? Sheria inasema ni ya ndama. Kwa wataalamu wa mjini dang'a si chakula cha binadamu.

Kwa Endasiku ndicho chakula chenyewe. Kiongozi wa kundi akizaa, marafiki wa nyumba wanakuja na ndama zao, kila ndama analambishwa dang'a ya kiongozi ili nyumba ziwe kitu kimoja. Inayobaki inapikwa sufuriani mpaka iwe nyororo kama mayai. Mwenye nyumba anaonja kwanza. Kijiko cha pili ni cha mtoto mdogo kuliko wote. Kukataa ni kuukata undugu, na hajawahi kutokea wa kukataa. Mzee Gwandu alikuwa amelisema jambo lenyewe wazi, asubuhi ileile, na Fausta akamjibu nitamwambia. Yeye aliyekulia kwenye sufuria ile, aliyekuja likizo mwaka jana akala na kuomba ukoko, alipofika maabara aliifikiria Endasiku kama mtu wa mjini. Mbegu ilipita hapo, na moto wa jikoni hauiwezi.

*

Sabasaba alizaa alfajiri, ndama jike, mwenye nguvu. Kulipokucha vizuri Natalia alikuwa ameshakamua na sufuria iko jikoni, na Fausta yuko nyuma ya nyumba na kipimo cha Mbegu mkononi. Tone moja la njano aliloliomba kwa wifi yake liligeuza kipimo kuwa chekundu hata kabla hajahesabu.

Alimpigia Mushobozi, akamweleza yote.

"Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Usimwambie." Sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa karibu kulia naye. "Nisikilize, Fausta. Dawa ipo?"

"Hakuna."

"Itapatikana mwaka huu? Mwakani?"

"Sijui. Hapana."

"Basi unawapelekea nini? Leo ukisema dang'a, kesho uzio umezunguka bonde, watu ndani, ng'ombe wote motoni. Wale ambao wangeishi miaka kumi bila kujua, utawaua leo kwa hofu. Sema ni udongo. Piga marufuku dang'a kimyakimya, tunga sababu yoyote, sema ina bakteria. Waache watu waishi siku zao, dada. Hiyo nayo ni huruma."

Maneno hayo yalimwingia. Asikudanganye mtu, yalimwingia kabisa. Fausta alisimama pale akilitazama jiko likitoa moshi, akafikiria njia nyepesi zaidi: aingie, ajikwae, sufuria imwagike, watu wacheke, yaishe. Lakini wiki ijayo kiongozi wa nyumba nyingine angezaa. Na mwingine baada yake. Atajikwaa kwenye nyumba ngapi? Na nani amewahi kumzuia mtu wa Endasiku asile dang'a kwa kumtajia bakteria?

"Nitakupigia," alisema.

Wageni walikuwa wameshakaa uani. Mzee Gwandu amekuja na ndama wake kwa kamba, amevaa koti la kanisani. Majirani wamebeba bakuli, wanataniana. Mwalimu Lohay alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amechana nywele, na leo alikuwa na macho ya zamani, yale ya darasani. Siku nyingine ugonjwa ulimwachia hivyo. Tumsifu, mtoto wa Natalia, amejibanza kwenye magoti ya babu yake na kijiko chake mwenyewe ameshakishika tayari.

Natalia alitua sufuria katikati. "Haya, Mwalimu. Karibu."

Mwalimu alichota.

"Baba, usile." Sauti ilimtoka Fausta kubwa kuliko alivyotaka. "Mtu yeyote asile. Mzee Gwandu, mshike ndama, asiilambe."

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani. Kisha hawakucheka. Aliwaambia amesimama, bila kuzunguka, kwa maneno ya jikoni: Mbegu ni kama mtindi, inagandisha kisichoganda. Inapita kwenye dang'a. Imeingia kwa ndama ambao hawakusoma, na imeingia kwa watu. Mifupa haihusiki, wala udongo. "Niliitengeneza mimi," alisema, "na dang'a sikuipima."

Wa kwanza kuongea alikuwa Mzee Gwandu. "Kwa hiyo ng'ombe wangu mmeniulia nyinyi."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi niliyekataa."

"Ndiyo."

Aliikunja kamba ya ndama wake mkononi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wifi." Natalia alikuwa ameshamnyakua Tumsifu. "Huyu alikula mwaka jana."

"Najua."

"Na mwaka juzi alikula! Mimi mwenyewe nilimlisha! Alikuwa hana hata meno!" Alikuwa anamtikisa mtoto bila kujua. "Niambie sasa, unafanya nini? Wewe si daktari? Niambie unamfanya nini mwanangu!"

Jibu lilikuwa moja tu na Fausta alishindwa kulitamka mbele ya mtoto, lakini Natalia alilisoma usoni kwake, akakaa chini mavumbini, akapiga yowe ambalo watu wa nyumba za mbali walilisikia wakajua kuna msiba. Tumsifu naye akaanza kulia, akililia kijiko chake kilichoanguka.

Mwalimu Lohay alikuwa bado ameshika kijiko kilichojaa. Alikitazama kwa makini.

"Kumbe ndiyo maana nakijua kile kisima," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Miaka yote hiyo watu walinicheka kwamba simjui ng'ombe wangu." Alitabasamu kidogo, machozi yakaanza kumshuka bila sauti. "Sasa ninamjua. Wewe ndiye sitakujua, mama?"

Fausta alimpigia magoti, akakishika kijiko pamoja naye. "Hutanijua, baba."

Alikubali kwa kichwa, kama anavyokubali jibu la mwanafunzi lililo sahihi. Kisha akanyanyuka, akaishika sufuria kwa masikio yake mawili aende kuimwaga nje ya ua, kama mwenye nyumba anavyopaswa kumwaga kilichoharibika.

"Usimwage!" Fausta alimzuia. "Ukiimwaga, udongo utaitunza. Nyasi zitaota hapo, ng'ombe watakula."

Basi hata kumwaga haikuwezekana. Fausta aliifungia dang'a kwenye sanduku lake la chuma, sufuria, vijiko na vyote. Watu waliondoka na bakuli zao tupu. Hawakumtukana, na ingekuwa afadhali wamtukane. Mzee Gwandu alipofika getini alisimama, kama kawaida ya mtu anayesubiri kusindikizwa, akakumbuka, akaenda zake na ndama wake. Zizini, mtoto wa Sabasaba aliyetengwa na mama yake alikuwa analia, mama anamwitikia.

Fausta aliandika taarifa pale pale uani: dang'a, Mbegu, watu. Hakumtumia Mushobozi peke yake. Aliituma kwa kila ofisi ya mifugo na kila redio ambayo kifaa chake kiliifahamu, ili asiwepo wa kuirudisha. Alijua uzio utakuja. Alijua atakuwa ndani yake pamoja nao.

Alipoinua macho, kiti cha baba yake kilikuwa kitupu.

Alimkuta ameshapita nyumba ya mwisho, kichwa amekiinamisha, hatua zilezile fupi. Yale macho ya darasani yalikuwa yamekwisha. Fausta hakumwita. Alimshika mkono, akatembea naye, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kulikuwa na utulivu. Alifikiria Tumsifu. Alifikiria atamwambia nini Natalia jioni, na kesho, na siku zote watakazokaa nyumba moja. Hakuitazama njia.

Kwenye njia panda ya mawe mekundu baba yake alisita. Fausta alikuwa ameshakata kushoto, ameshaingia kwenye kile kichaka, anamvuta kwa mkono. Hewa ilikuwa na harufu ya baridi, tamu, inatokea mbali nyuma ya makorongo mawili, na hakuwa na shaka hata kidogo kwamba ni maji.

Alisimama. Kifaa chake alikuwa amekiacha uani, kwenye kiti.

"Twende, mama," baba yake alisema nyuma yake. "Si unapajua?"

"Napajua, baba," alisema Fausta, na wakaendelea.